Matumizi ya Rangi katika Tovuti ya Chama

Huko Kaisho, wilayani Kyerwa, mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa kwamba rangi husema. Tunda likiwa la kijani, halijafika. Likiwa jekundu, limeiva. Likianikwa juani hugeuka kuwa na rangi ya kahawia iliyokoza, rangi ambayo hata jina lake limetokana na zao lenyewe. Mkulima hutambua kazi inayomngoja kabla hajaambiwa na mtu. Ndivyo ilivyo katika tovuti ya chama cha ushirika: rangi humfikia msomaji kabla ya maneno. Katibu asipozipanga vema, tangazo la bei au la malipo laweza kupotosha badala ya kueleza.

Rangi za kioo cha simu si sawa na rangi za kupaka ukutani. Simu huchanganya mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kila mmoja huwa na daraja 256, kuanzia 0 hadi 255. Yote ikiwa 0, kioo huwa cheusi. Yote ikiwa 255, huwa cheupe. Rangi nyingine zote hupatikana katikati ya hapo.

Jambo la kwanza ni kusomeka. Kanuni za kimataifa za tovuti zataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Herufi nyeusi juu ya weupe hufikia 21 kwa 1. Herufi za manjano juu ya weupe hukaribia 1 kwa 1, yaani ni kama hazipo. Mwanachama hasomi tangazo ofisini penye kivuli. Husoma akiwa juani, penye uwanja wa kuanikia.

Jambo la pili ni kwamba rangi isiachwe iseme peke yake. Wako watu, wanaume zaidi ya wanawake, ambao macho yao hayatofautishi vema nyekundu na kijani. Mathalani, chama kikitia alama ya kijani kwa malipo yaliyotolewa na nyekundu kwa yasiyotolewa, mtu wa namna hiyo ataziona alama hizo kuwa karibu sawa. Anayedai atadhani amekwisha kulipwa, na hapo lawama zitaanza. Dawa yake ni kuandika pia neno: “Imelipwa” au “Haijalipwa”.

Jambo la tatu ni maana. Barabarani nyekundu ni amri ya kusimama, na katika hesabu ni dalili ya upungufu. Kwa Wachina ni rangi ya heri, na kwa mchuma kahawa ni mavuno. Kwa hiyo si kweli kwamba kila rangi ina maana moja kwa watu wote. Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani lilijifunza hayo. Mwaka 1925 lilikubali bendera yenye rangi saba za upinde wa mvua, kuonyesha umoja wa watu wa namna nyingi. Mwaka 2001 bendera hiyo ilibadilishwa, kwa kuwa vikundi visivyo vya ushirika navyo vilikuwa vikizitumia rangi hizo, na watu wakachanganyikiwa. Aidha, chama kisijivike rangi za chama cha siasa, maana mlango wa ushirika u wazi kwa wote.

Yafaa, basi, chama kichague rangi mbili au tatu tu: moja ya maandishi, moja ya nyuma, na moja ya kuvuta jicho kwenye jambo kubwa, kama vile bei ya siku. Kila kitu kikipakwa rangi kali, hakuna kitakachoonekana.

Kabla ya kuitangaza tovuti, katibu ampe mwanachama mzee simu ya kawaida, nje, saa sita mchana. Mzee akiiona bei bila kuuliza, rangi zimetenda kazi yake. Akiuliza, hapana budi zirekebishwe.