Kabla Injini Haijanoki: Geji kwa Mitambo Mikongwe

Mitambo mingi inayochonga barabara na kuchimba kokoto Afrika Mashariki ilitengenezwa kabla kompyuta haijaingia kwenye injini. Tingatinga la Caterpillar D8K au Komatsu D85, greda la Caterpillar 14G: fundi yeyote wa mitambo anayajua majina haya, na bado yako kazini. Chuma chake ni kizito, spea zake hutafutwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na fundi mzuri huyafungua na kuyafunga bila kuchomeka kompyuta yoyote. Kinachokosekana mara nyingi ni dashibodi inayosema kweli. Kioo cha geji kimepasuka, mshale umeganda, waya umekatika, na opareta amezoea kufanya kazi kwa kusikiliza mlio na kunusa moshi.

Mlio na harufu ni ushahidi unaochelewa. Injini kongwe huumwa kwa wiki kadhaa, kisha hufa kwa dakika chache. Geji ipo kwa ajili ya zile wiki. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kushusha injini, na ndiyo maana nasema mmiliki wa mtambo mkongwe aanzie hapa kabla ya kufikiria rangi mpya au viti vipya.

Taa nyekundu haitoshi

Mitambo mingi ya zamani ina taa ya onyo la oili, na wamiliki wengi huitegemea hiyo peke yake. Nyuma ya taa kuna swichi ndogo ambayo kwa kawaida huiwasha presha inaposhuka hadi karibu bar 0.5. Tuseme injini yako, ikiwa ya moto na katika mzunguko wa kazi, ilikuwa ikitoa bar 4. Beringi zinapoendelea kulika itatoa 3.5, baadaye 3, baadaye 2. Muda wote huo taa imezimika na kila mtu ana amani. Siku itakapowaka tingatinga likiwa linasukuma mzigo, utando wa oili unaotenganisha krenki na beringi utakuwa umeshavunjika na chuma kinasaga chuma. Geji ingekuonyesha mteremko wote huo, hatua kwa hatua, ukiwa bado na nafasi ya kuagiza beringi na kupanga siku ya matengenezo.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza mwaka 1849: bomba jembamba lililopinda hujaribu kunyooka presha inapoingia ndani yake, na mwendo huo husukuma mshale. Geji za namna hiyo hazihitaji umeme, na mpaka leo ni chaguo zuri kwa mtambo ambao nyaya zake zimechoka.

Anza na zipi?

Ya kwanza ni presha ya oili ya injini. Ipimwe kwenye njia kuu ya oili baada ya filta, maana hiyo ndiyo oili inayofika kwenye beringi. Kwa injini nyingi za dizeli, bar 1 hivi injini ikizunguka polepole bila mzigo na ikiwa ya moto, na bar 3 hadi 4 kwenye mzunguko wa kazi, ni hali ya afya. Hata hivyo kitabu cha mtambo wako ndicho chenye neno la mwisho.

Ya pili ni joto la maji. Injini nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Sensa ikae kwenye silinda hedi au kabla ya thamostati, mahali maji yana moto zaidi. Ukiiweka chini ya rejeta utakuwa unapima maji yaliyokwisha kupoa. Hapa pana mtego ambao kila opareta anapaswa kuufahamu: geji hii husoma maji. Bomba likipasuka na maji yakamwagika yote, sensa hubaki hewani na mshale unaweza kushuka huku hedi inaungua. Kwa hiyo mshale unaoanguka ghafla ni wa kuogopwa sawa na unaopanda. Dawa yake ni kuongeza sensa ya kiwango cha maji juu ya rejeta, iliyounganishwa na king'ora.

Ya tatu ni joto la oili ya konveta kwa tingatinga na loda, au ya haidroliki kwa kijiko. Tingatinga linapong'ang'ania kisiki na kukwama huku injini inanguruma, nguvu yote ya injini inageuka kuwa joto ndani ya konveta. Pima kwenye bomba linalotoka konveta kabla ya kufika kwenye kipozeo. Nyuzi 120 hivi ni mpaka wa hatari. Kwa haidroliki, oili inayokaa juu ya nyuzi 80 huwa nyepesi kupita kiasi na kuharibu sili. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa vilainishi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu.

Ya nne ni geji ya mvuto wa hewa, inayofungwa kati ya filta ya hewa na injini, au kabla ya tabo kama ipo. Wengi huipuuza, nami naitetea kwa nguvu. Wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda, mafundi hufungua filta kila jioni na kuipuliza kwa kompresa. Kila inapofunguliwa, vumbi kidogo hudondokea upande safi. Kila inapopulizwa kwa presha kubwa, karatasi yake huweza kuchanika bila kuonekana. Vumbi hilo ndilo linalosaga pistoni na silinda. Kwa injini nyingi zenye tabo, filta hufikia wakati wa kubadilishwa mvuto unapokaribia inchi 25 za maji. Kabla ya hapo, iache ilivyo.

Ya tano ni saa ya kuhesabia kazi. Matengenezo hupangwa kwa saa 250, 500, 1,000 na 2,000, na mtambo usio na saa inayofanya kazi hutengenezwa kwa kubahatisha. Iunganishe kupitia swichi ya presha ya oili, ili ihesabu pale tu injini inapozunguka. Ukiiunganisha na ufunguo peke yake, itahesabu hata opareta akiwa amekaa na redio.

Injini yenye tabo inayofanya kazi nzito inastahili pia kipimo cha joto la moshi, kinachofungwa kwenye manifoldi kabla ya tabo. Injini nyingi za zamani hazivumilii kukaa muda mrefu juu ya nyuzi 650 hivi. Vua manifoldi kabla ya kutoboa, kwa sababu kipande kidogo cha chuma kikiingia kwenye mapanga ya tabo, faida yote ya geji imepotea siku hiyohiyo.

Unapokwenda dukani

Mambo matatu huharibu ununuzi. La kwanza ni volti: mitambo mikubwa mingi hutumia volti 24, na geji ya gari dogo ya volti 12 haitadumu humo. La pili ni kulingana kwa sensa na geji. Geji za umeme hupima ukinzani wa sensa. Mtindo mmoja wa Ulaya hutumia oma 10 hadi 180, na mtindo mmoja wa Marekani hutumia oma 240 hadi 33, yaani ukinzani unapungua badala ya kupanda. Ukichanganya hizo mbili, mshale utakwenda kinyume: presha ikishuka, utasoma kwamba imepanda. Nunua sensa na geji kwa pamoja, za seti moja.

La tatu ni meno. Nipo ya Kimarekani ya inchi 1/8 ina meno 27 kwa kila inchi, na ya Kiingereza ya ukubwa huohuo ina meno 28. Kwa kuwa mitambo yetu inatoka Marekani, Japani na Ulaya, zote hukutana kwenye meza moja ya fundi. Ukilazimisha, mizunguko ya kwanza inaingia vizuri, halafu inakaza, na baada ya wiki ya mtikisiko oili inaanza kuvuja.

Wakati wa kufunga, shusha bapa au bakuli chini, zima injini, toa presha yote kwenye haidroliki. Usipeleke ndani ya kebini bomba la presha kuu ya haidroliki. Mkondo mwembamba wa oili ya bar 200 hupenya ngozi, na jeraha lake linahitaji hospitali mara moja. Kwa presha ya oili ya injini, tumia hozi iliyosukwa kwa waya wa chuma, kwani bomba la shaba hukatika kwa mtikisiko. Kila waya uwe na fyuzi karibu na betri, upite ndani ya mpira wa kuukinga, na ukae mbali na ekzosi.

Ihakiki kabla ya kuiamini

Geji mpya nayo huweza kudanganya. Chemsha maji, tumbukiza sensa ya joto, soma mshale. Lakini kumbuka uko wapi: Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100, Nairobi au Mbeya ni kama 94. Tofauti hiyo ina maana kubwa kazini pia. Kifuniko kizima cha rejeta huongeza presha na kusogeza kiwango cha kuchemka juu kwa zaidi ya nyuzi 10. Kikichoka, mtambo unaofanya kazi nyanda za juu unaweza kuchemsha huku geji ikisoma joto ambalo pwani ni la kawaida.

Kisha anza daftari. Kila siku, baada ya saa mbili za kazi, injini ikiwa ya moto, opareta aandike saa, presha, joto la maji na joto la konveta. Namba ya siku moja ina maana ndogo. Namba za mwezi mzima zinaeleza kama pampu inachoka, kama rejeta inaziba, kama konveta inaanza kuteleza.

Mamlaka ya kusimama

Caterpillar ilipoleta mfumo wake wa kielektroniki wa uangalizi, iligawa maonyo katika ngazi tatu: kwanza opareta ajue, pili abadilishe namna ya kufanya kazi, tatu asimamishe mtambo. Ngazi hizo zinaweza kuwekwa kwenye mtambo wowote kwa kupaka rangi kwenye kioo cha geji: kijani, njano, nyekundu. Opareta afundishwe pia kwamba kila nyekundu ina tiba yake. Presha ya oili ikianguka, zima injini papo hapo. Maji yakipanda lakini bado yamo, ondoa mzigo na uache injini izunguke polepole ipoe, kwa sababu kuizima ghafla hulifungia joto ndani ya hedi. Konveta ikizidi joto, weka gia huru na uzungushe injini kwa wastani ili oili ipite kwenye kipozeo.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja ambalo haliuzwi dukani. Opareta anayegombezwa au kukatwa posho kila anaposimamisha mtambo atajifunza kutoitazama geji. Mtambo ukikodishwa kwa saa, msukumo wa kuendelea ni mkubwa, na aliyeukodi amesimama pembeni akitazama saa yake. Kwa hiyo mmiliki aliweke wazi, mbele ya opareta, fundi na aliyeukodi mtambo, ikiwezekana ndani ya mkataba wa kukodisha: mshale ukifika kwenye nyekundu, opareta anasimamisha, na hakuna anayemuuliza kwa hasira. Nusu saa ya kusimama yeyote anaweza kuilipa. Injini iliyonoki mbali na mji, mvua zikikaribia, inaweza kumfilisi mwenye mtambo mmoja.