Kupinda kwa Uume (3): Mkono Unaokata Uwe na Elimu

Shule zimefungwa, na habari kutoka Meru ni zilezile za kila mwisho wa mwaka: wavulana wanapelekwa kutahiriwa, wengine hospitalini, wengine kwa ngariba. Kwa hiyo kabla sijaendelea na lile kovu la kwenye utando wa uume linaloupinda, tulilolichambua juma lililopita, nitamweleza kwanza mtu aliyetaka kila mpasuaji awe na elimu, ambaye ugonjwa wa kovu hilo hubeba jina lake.

François de La Peyronie alizaliwa Montpellier, Ufaransa, mwaka 1678, akawa mpasuaji wa Mfalme Louis wa Kumi na Tano. Mwaka 1743 aliandika kuhusu wanaume waliokuwa na vinundu vigumu, mfano wa shanga za rozari, vilivyoupinda uume kila uliposimama. Aliwapeleka wakaoge maji ya chemchemi za Barèges, tiba ambayo leo hakuna anayeitegemea. Namheshimu kwa jambo jingine. Zama zile wapasuaji na vinyozi walikuwa chama kimoja. Mnyoa ndevu ndiye aliyetumbua majipu na kukata viungo. La Peyronie alilipinga hilo kwa bidii, na mwaka huohuo wa 1743 mfalme akawatenganisha. Tangu hapo mpasuaji alitakiwa awe msomi.

Na sisi? Mkono wa ngariba nao unahitaji elimu, kwa kuwa kuna kupinda kwa uume kwa kuzaliwa nako. Mtoto mwingine huzaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, na mara nyingi uume umeinama. Mzazi anaweza kuliona hata kwa govi, ambalo hujaa juu na kukosekana chini. Mtoto huyo asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari, kwa kuwa govi hilo ndilo ngozi ambayo mpasuaji huweza kuitumia kumtengenezea njia ya mkojo. Ngariba asiyejua hulikata na kulitupa. Huo ni udhalimu kwa mtoto, hata kama umefanywa kwa shangwe na nyimbo.

Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, lina makao yake Nchiru, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko papo hapo. Nawasihi wazee waagize kila mvulana akaguliwe kabla ya kisu. Ila waeleze sababu. Mwaka 1956 wazee walipiga marufuku ukeketaji, na wasichana wakaukaidi uamuzi huo kwa kukeketana wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Amri ilitoka bila watu kuelewa, na miili ya mabinti ndiyo iliyolipa.

Kwa watu wazima nitasema kwa ufupi. Kupinda kidogo ni kawaida. Uume ulioanza kupinda ukubwani, ukiwa na uvimbe mgumu au maumivu, upelekwe kwa daktari wa njia ya mkojo. Ugonjwa huu si saratani, wala hauambukizi. Huwapata zaidi wenye kisukari. Kovu likiwa bado linabadilika, upasuaji husubiri; likitulia kwa miezi kadhaa, upande mrefu unaweza kufupishwa, njia aliyoieleza Reed Nesbit wa Marekani mwaka 1965. Ipo pia sindano ya kimeng'enya cha kuyeyusha kovu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Mgonjwa aupige picha uume ukiwa umesimama, amwonyeshe daktari, maana ukilala kupinda hakuonekani.