Mshipa Unavuja Nini?

Panya wa maabara walioambukizwa vimelea vya Plasmodium berghei aina ya ANKA hupata ugonjwa unaofanana kwa sehemu na malaria ya ubongo inayoua watoto wetu. Mtafiti akimdunga mmoja wao buluu ya Evans mshipani, ubongo, ambao kwa kawaida hauingiwi na rangi hiyo, hugeuka buluu. Mishipa inavuja. Lakini inavuja nini?

Ukuta wa mshipa hauachii vyote kwa mpigo. Ukilegea kidogo hupitisha molekuli ndogo na kuzizuia protini. Ukiharibika zaidi, protini nazo hupenya. Ndiyo maana katika picha yoyote ya mishipa inayovuja mimi hutazama kwanza ukubwa wa rangi iliyotumika. Sodiamu fluoresini ina uzito wa daltoni 376, nayo hupita penye mwanya unaoikwamisha dekstrani ya daltoni 70,000 iliyofungwa rangi ing'aayo. Dekstrani ya daltoni milioni 2 hubaki ndani, na chini ya hadubini huichora mishipa hadi kapilari. Ukidunga ndogo ya kijani na kubwa nyekundu kwa mnyama yule yule, utajua ipi imetoka na ipi imezuiliwa. Jaribio la rangi moja halikuambii hayo.

Buluu ya Evans huonekana kwa macho matupu na, ikimulikwa, hung'aa nyekundu. Ndani ya damu hushikamana na albumini, protini ya daltoni zipatazo 66,000, hivyo huhesabiwa kuwa kipimo cha uvujaji wa protini. Dozi ikizidi, sehemu ya rangi hukosa albumini ya kushika na kubaki molekuli ya daltoni zisizofika 1,000. Hiyo hupenya kirahisi, na mtafiti huandika kwamba protini imevuja kumbe ni rangi tupu.

Kuna mtego mwingine, na kwenye utafiti wa dawa ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mishipa isipooshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kupima kiungo, rangi iliyomo bado ndani yake huhesabiwa kama iliyovuja. Kinyume chake, mishipa ikiziba, kama inavyotokea kwenye malaria ya ubongo, rangi haifiki sehemu zilizozibwa, na sehemu hizo za ubongo mgonjwa huweza kuonekana nzima. Buluu ikipungua baada ya tiba, mtafiti apime pia mtiririko wa damu kabla ya kuisifu dawa.