Kikulacho ki Figoni Mwako

Tuchukue mfano wa mtu wa Marereni, huko kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi, aliyepandikizwa figo miezi 5 iliyopita. Figo alipewa na dada yake. Leo yuko kliniki Mombasa. Hana homa, hana maumivu, mkojo anaupata vizuri na rangi yake haina kasoro. Mwili umemrudi, na majirani wanamwambia amependeza. Lakini karatasi ya maabara ina maneno mengine. Kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha kama figo inachuja sawasawa, imepanda kutoka 110 hadi 170.

Daktari ataanza na maswali mepesi. Je, jua la chumvini limemkausha maji? Je, dawa zimezidi kiwango? Majibu yakiwa hapana, yanabaki mashaka mawili mazito. La kwanza ni kwamba mwili umeanza kuikataa figo ya dada, na hapo tiba ni kuongeza nguvu ya dawa zinazoshusha kinga. La pili ni kwamba kirusi kiitwacho BK kimeamka ndani ya figo hiyo, na hapo tiba ni kuzipunguza dawa zilezile.

Dalili ni moja, tiba zinapingana. Atakayebahatisha anaweza kuiua figo kwa dawa aliyokusudia kuiokoa. Ndiyo maana kirusi hiki, ambacho wengi hawajawahi kukisikia, kinastahili kujulikana na kila aliyepandikizwa figo pamoja na ndugu zake wanaomuuguza.

Herufi mbili za mgonjwa wa Sudan

Mwaka 1971, Sylvia Gardner na wenzake walichapisha taarifa katika jarida la The Lancet kuhusu mwanamume kutoka Sudan aliyepandikizwa figo London. Ureta yake, yaani mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu, ilikuwa imebana. Walipoutazama mkojo wake kwa hadubini ya elektroni, waliona virusi tele ambavyo havikuwa vimeelezwa na mtu kabla yao. Wakakiita kirusi hicho kwa herufi za mwanzo za jina la mgonjwa: BK. Kwa hiyo elimu yote tuliyo nayo leo kuhusu kirusi hiki ilianzia kwenye mkojo wa Mwafrika aliyekuwa mbali na kwao.

BK ni cha ukoo wa virusi vya polioma. Ni kidogo ajabu. Maandishi yake yote ya urithi yana herufi 5,000 hivi, wakati ya binadamu yana bilioni 3. Kwa kawaida mtu hukipata utotoni, bila mzazi kujua, pengine akidhani ni mafua ya siku mbili. Tafiti za damu katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya watu wazima 8 katika kila 10 wamewahi kukutana nacho. Baada ya hapo hakiondoki. Hujificha kwenye figo na njia ya mkojo, kikatulia kama kamongo aliyejizika kwenye tope kavu akingoja mvua. Mwenye afya huishi nacho hadi uzeeni, akafa na maradhi mengine.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa aliyepandikizwa, methali hii ina maana mbili. Kirusi kinaweza kuwa chake mwenyewe cha tangu utoto, lakini mara nyingi huwa kimekuja ndani ya figo aliyopewa. Aliyeitoa hana kosa. Hakujua kuwa anacho, na kwake hakikuwa na madhara yoyote.

Mlango wa maji

Mvua ya kamongo huyu ni dawa. Ili mwili usiishambulie figo ya mtu mwingine, mgonjwa humeza dawa za kushusha kinga kila siku. Hospitali nyingi hutumia takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni kwa pamoja. Dawa hizi huzilegeza seli za T, wale askari wa kinga ambao kazi yao mojawapo ni kukiweka BK usingizini. Askari wakilegea, kirusi huanza kuzaana ndani ya seli za vijifereji vya figo. Seli hupasuka, virusi humwagika, uvimbe hufuata, kisha makovu. Kovu la figo halirudi kuwa nyama ya figo.

Anayefanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi ya Marereni na Gongoni ataielewa hali hii upesi. Chumvi inategemea mlango wa maji. Ukiuachia wazi wakati wa bamvua, bwawa linafurika na kazi ya wiki nyingi inayeyuka. Ukiufunga mapema mno, unabaki na tope lisilo na chumvi ya kuvuna. Daktari wa figo naye analinda mlango wa namna hiyo. Kinga ikipanda, figo inakataliwa. Kinga ikishuka mno, BK kinafurika.

Historia inathibitisha hilo. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya 1971, BK kilionekana kama kioja cha maabara tu. Katikati ya miaka ya 1990, takrolimasi na maikofenoleti ziliposhika nafasi, visa vya mwili kuikataa figo vilipungua sana, na madaktari wakaanza kuona figo zinazoharibiwa na BK. Katika taarifa za miaka hiyo ya mwanzo, nusu ya figo zilizopata ugonjwa huu, au hata zaidi, zilipotea. Ilikuwa gharama ya mafanikio.

Mkojo kwanza, damu baadaye, figo mwisho

Mwaka 2002 watafiti wa Basel, Uswisi, walitoa matokeo ya wagonjwa 78 waliowafuatilia hatua kwa hatua tangu kupandikizwa. Wagonjwa 23 walianza kutoa kwenye mkojo seli zilizovimba kwa kirusi, ambazo kwa macho ya haraka hufanana na seli za saratani. Wagonjwa 10 walionekana na virusi kwenye damu. Watano waliishia na ugonjwa wa figo wenyewe. Tafiti nyingine nyingi zimekuja na picha inayokaribiana na hiyo: katika watu 100 waliopandikizwa figo, 30 hadi 40 huwa na BK kwenye mkojo, 10 hadi 20 kwenye damu, na 1 hadi 10 hupata ugonjwa wa figo. Mara nyingi haya hutokea ndani ya mwaka wa kwanza.

Mpangilio huo una neema kubwa. Kirusi hupita kwenye damu kabla figo haijaharibika vya kutosha kupandisha kreatinini. Kwa hiyo kuna muda, wiki kadhaa au hata miezi, ambao damu inatoa onyo na figo bado ni nzima.

Muda huo unatumiwaje? Jibu lilitoka St. Louis, Marekani, mwaka 2005. Wagonjwa 200 walipimwa BK mara kwa mara, na kila aliyeonekana na kirusi kwenye damu alisimamishiwa moja ya dawa za kushusha kinga, ama maikofenoleti au azathioprini. Karibu wote walisafika damu, na katika mwaka huo hakuna aliyepata ugonjwa wa figo wa BK. Hakikutumika kidonge kipya chochote. Walipima mapema na kurekebisha mlango wa maji.

Dawa iliyodhaniwa kufaa

Wengi huuliza kwa nini hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Zimejaribiwa. Antibiotiki ya levofloksasini ilikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu kwenye maabara ilionekana kukizuia BK kuzaana. Hospitali zikaanza kuiandika. Kisha Canada ikafanya jaribio la haki: wagonjwa 154 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa levofloksasini kwa miezi 3, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2014. BK kilionekana kwenye mkojo kwa asilimia 29 ya waliopewa dawa na asilimia 33 ya wasiopewa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Zaidi ya hayo, waliomeza dawa walielekea kupata bakteria sugu zaidi.

Msomaji wa Kilifi asishangae, maana somo kama hilo lilifundishwa mlangoni pake. Kwa miaka mingi ilionekana ni akili ya kawaida kumpa mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu maji mengi ya mshipani kwa haraka. Kathryn Maitland na wenzake, kwa kushirikiana na kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoko Kilifi, walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Jaribio liliitwa FEAST, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, walifariki takriban watoto 10 hadi 11 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, dhidi ya 7 kati ya wasiopewa. Jambo lenye mantiki lilikuwa likiua. Tangu hapo, mtu wa Pwani ana sababu ya kuuliza kuhusu tiba yoyote: imejaribiwa, au imedhaniwa tu?

Kwa BK, nyingi bado ziko upande wa kudhaniwa. Sidofovia, leflunomaidi na imunoglobulini za mshipani hutumiwa hapa na pale bila ushahidi thabiti. Njia mbili mpya ziko kwenye majaribio: kingamwili zilizotengenezwa kukishika kirusi, na seli za T zilizofunzwa nje ya mwili kukitambua BK kisha kupewa mgonjwa. Hadi zitakapothibitishwa, kupunguza dawa za kushusha kinga kwa uangalifu ndiyo tiba.

Ratiba ndiyo kinga

Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 inashauri aliyepandikizwa figo apimwe BK kwenye damu kila mwezi hadi mwezi wa 9, kisha kila miezi 3 hadi atimize miaka 2. Kipimo ni PCR, kile tulichozoea kukitaja wakati wa korona, ila hiki huhesabu nakala za kirusi katika kila mililita. Nakala zikizidi 1,000 na kubaki hivyo kwa wiki 3, au zikipanda kupita 10,000, daktari huanza kupunguza dawa. Pale mashaka yanapobaki, huchukuliwa kinyama kidogo cha figo kwa sindano ili kitazamwe.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asipunguze dawa mwenyewe hata siku moja, kwani mlango unaofunguliwa gizani haujulikani umefunguka kiasi gani. Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Anayetoka Marereni alfajiri aibebe dozi mfukoni, aimeze baada ya kutolewa damu. Aepuke balungi, kwa sababu hupandisha takrolimasi mwilini. Akianzishwa dawa za kifua kikuu amwarifu daktari wa figo siku hiyohiyo, maana rifampisini huishusha vibaya. Mitishamba nayo aitaje kliniki bila haya, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha nguvu ya dawa hizi.

Anayepoteza figo kwa sababu ya BK hajafikia mwisho. Wengi wamepandikizwa tena na figo ya pili ikakaa. Lakini njia ya kwenda huko hupitia mashine ya kusafisha damu, na familia ngapi zina dada wa pili wa kutoa figo?

Damu isafiri, mgonjwa abaki

Upasuaji wenyewe umekwisha kufika kwetu. Hospitali ya Kenyatta mjini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret hupandikiza figo. Muhimbili ilianza mwaka 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, na Mulago ya Kampala mwaka 2023. Wengine bado huenda India na kurudi na begi la dawa. Lakini figo haimalizwi kwenye chumba cha upasuaji. Inalindwa kwa miaka inayofuata, na mtu wa Marereni anailinda akiwa na safari ya kwenda Malindi, kisha kilomita nyingine 120 hivi hadi Mombasa, kwa ajili ya mirija miwili ya damu.

Kenya tayari inajua kulitatua tatizo hili. Sampuli za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI hukusanywa kwenye vituo vidogo, zikapelekwa kwenye maabara kubwa zenye mashine za PCR, na majibu yakarudi bila mgonjwa kupanda matatu. BK nacho hupimwa kwa ufundi wa PCR. Kinachotakiwa ni vitendanishi vyake, malipo yanayoingizwa kwenye bima ya afya pamoja na upasuaji, na agizo kwamba chupa ya damu ya aliyepandikizwa ipande gari lilelile.

Hadi hapo, silaha ya kwanza ni swali. Wewe uliyepandikizwa figo, au unayemsindikiza aliyepandikizwa, usitoke kliniki kabla ya kuuliza: BK yangu ilipimwa lini, na ilikuwa ngapi? Majibu yote mawili yaandike kwenye daftari lako.