Vepu ya kutupa au ya kujaza: Mvutaji wa Isiolo achague ipi?

Vibanda vya Isiolo, kuanzia Bula Pesa hadi karibu na steji, havikosi pakiti ya sigara iliyofunguliwa kando ya peremende, na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ili mteja awashe papo hapo na kwenda zake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza sigara kuuzwa moja moja. Hata hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozinunua, na ndivyo tulivyoanza.

Miaka ya karibuni bidhaa nyingine imepanda barabara ya A2 kutoka Nairobi na kufika huku: sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu. Huagizwa kwa simu, ikalipiwa kwa M-Pesa, ikaletwa na magari ya abiria kama kifurushi kingine chochote. Watu wa makamo waliovuta Sportsman na Supermatch tangu ujana wao wameanza kuulizana kama kifaa hicho kinaweza kuwatoa kwenye moshi.

Mimi ni mmoja wa wavutaji hao wa siku nyingi, na nimetumia aina mbili zinazopatikana kwa urahisi: ile ya kutupa na ile ya kujaza. Majina ya kampuni nayaacha, kwa kuwa makala haya si tangazo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mtu mzima anayevuta sigara na anayetaka kuacha, ya kujaza ni afadhali kwa mbali. Kwa asiyevuta, zote mbili ni za kukataa. Tena kodi ya nchi yetu, bila kukusudia, inamsukuma mvutaji kwenye ile mbaya zaidi.

Kilichomo ndani

Vepu zote ni ndugu. Kila moja ina betri ya lithiamu, waya mwembamba uliosokotwa uitwao koili, pamba inayouzunguka waya huo, na kimiminika ambacho watumiaji hukiita juisi. Juisi ni mchanganyiko wa glisirini, propilini glaikoli, ladha na nikotini. Ukivuta, betri huipasha koili moto, na juisi iliyonyonywa na pamba hugeuka mvuke. Aliyeunda kifaa cha kisasa cha namna hii ni Hon Lik, mfamasia wa Uchina aliyekuwa mvutaji mwenyewe, mwaka 2003.

Tofauti kubwa na sigara ni kwamba hakuna tumbaku inayoungua. Ncha ya sigara ikivutwa hufikia takriban nyuzi 900 za Selsiasi, na moshi wake hubeba kemikali zaidi ya 7,000, zikiwemo karibu 70 zinazojulikana kusababisha saratani. Humo mna lami, na mna gesi ya kaboni monoksidi inayoinyima damu oksijeni. Mvuke wa vepu hauna lami hiyo wala gesi hiyo. Lakini asikudanganye mtu kwamba ni hewa safi. Nikotini yake huleta uraibu ule ule, na koili ikipata moto kupita kiasi hutoa sumu kama fomaldihaidi. Mwaka 2019 Marekani ilipata mkasa wa mapafu ambao hadi Februari 2020 ulikuwa umelaza watu 2,807 hospitalini na kuua 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na kemikali ya vitamini E. Funzo kwa mnunuzi ni moja: usivute juisi usiyojua imetoka wapi.

Ya kutupa

Hii huja ikiwa imejazwa na kuchajiwa. Haina kitufe wala maelekezo: unaifungua kwenye karatasi yake, unavuta, inawaka. Ladha zake ni embe, tikiti maji, mnanaa na mchanganyiko wa matunda. Nyingi hutumia nikotini ya chumvi, yaani nikotini iliyotiwa asidi ili isikwaruze koo hata ikiwa kali. Ndiyo maana boksi dogo linaweza kuandikwa miligramu 50 kwa kila mililita na mvutaji asikohoe hata kidogo.

Sifa yake naitoa kwa haki. Arosto ya sigara, ile inayomfanya mtu mzima awakaripie watoto bila sababu, hutulia kwa mivuto michache tu. Kwa mtu anayeacha sigara wiki hiyo hiyo, wepesi huo una maana kubwa.

Kasoro yake ni kwamba haina mwisho. Sigara humalizika. Moto hufika kwenye kichungi, unazima, nawe unarudi kazini. Ya kutupa hukaa mkononi kutwa. Mtu huivuta akizungumza, akitafuna miraa, akiwa kitandani, na jioni hajui ametumia nikotini kiasi gani. Kiwango chake ni kile kile tangu mvuto wa kwanza hadi wa mwisho, na njia ya kukipunguza haipo. Anayetaka kushuka hana pa kukanyaga.

Kisha kuna taka. Betri ikiisha nguvu, kifaa kizima hutupwa, hata kama pamba yake bado imelowa juisi. Katika mji wetu, taka nyingi huchomwa wazi au hubaki jalalani ambako mbuzi hupekua. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kuchomwa huweza kulipuka, na masalio ya nikotini ni sumu kwa mnyama na kwa mtoto. Ubelgiji ilipiga marufuku vepu za kutupa kuanzia Januari 2025, na Uingereza ikafuata Juni 1 mwaka huo huo, zikitaja watoto na taka.

Ya kujaza

Hii inahitaji subira. Unafungua kizibo cha mpira kilicho ubavuni, unaingiza ncha ya chupa, unaiminya polepole hadi juisi ikaribie ukingo. Unafunga, unasubiri dakika tano au kumi ili pamba inywe. Ukikimbilia kuvuta, pamba kavu huungua, na ladha yake huwasha koo kuliko sigara yoyote. Pia unajifunza kuvuta upya. Sigara huvutwa kwa nguvu na haraka, lakini kifaa hiki hutaka mvuto mrefu wa taratibu. Ukikivuta kama sigara, juisi hupanda hadi mdomoni.

Hali ya hewa ya Isiolo nayo ina masharti yake. Joto huifanya juisi iwe nyepesi, na kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi mchana huvuja. Kiwekwe kikiwa wima, kivulini, na mdomo wake ufunikwe kwa sababu ya vumbi. Kuchaji si tatizo: waya wa simu unatosha, na hata Merti au Garbatulla paneli ya jua inayochaji simu huchaji na hiki pia. Koili hubadilishwa mara mvuke unapoanza kunuka kuungua.

Mtu atauliza, taabu yote hiyo ya nini? Jibu liko kwenye chupa. Juisi huuzwa kwa viwango: miligramu 18 kwa mililita, 12, 6, 3, na hata isiyo na nikotini kabisa. Hiyo ni ngazi. Mvutaji huanza juu, mahali ambapo arosto haimshindi, kisha hushuka kidato kimoja mwili ukishazoea. Hapo ndipo chombo kinapogeuka kuwa njia ya kutokea badala ya uraibu mpya wenye harufu ya embe.

Ushahidi upo. Mwaka 2019 Peter Hajek na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 886 waliotaka kuacha sigara. Kundi moja lilipewa chingamu, plasta na bidhaa nyingine za nikotini. Kundi la pili lilipewa vepu ya kujaza pamoja na chupa ya juisi ya miligramu 18. Wote walipewa ushauri nasaha kila wiki kwa angalau mwezi mmoja. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya wale wengine.

Lakini soma na upande wa pili wa matokeo hayo. Miongoni mwa waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Na hata katika kundi lililofanya vizuri, zaidi ya wanane katika kila kumi hawakufaulu. Chombo kilisaidia, lakini hakikufanya kazi peke yake. Kulikuwa na mshauri wa kuwauliza hali kila wiki, jambo ambalo mvutaji anayeagiza kifurushi kwa simu hana.

Kodi inayoelekeza vibaya

Hapa ndipo ninapotaka wabunge wetu wasikie. Mabadiliko ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yalipandisha ushuru wa juisi ya nikotini kutoka shilingi 70 hadi shilingi 100 kwa mililita. Ushuru wa sigara uliwekwa shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, yaani shilingi 4.10 kwa moja.

Nikotini si bidhaa ya kubembelezwa, na sina ugomvi na kutozwa kodi. Ugomvi wangu ni kipimo. Ushuru unahesabu mililita na kuufumbia macho ukali. Mililita ya miligramu 3 hulipa shilingi 100, na ya miligramu 50 hulipa shilingi hizo hizo 100. Anayeshuka ngazi huhitaji juisi nyingi zaidi kadiri inavyokuwa hafifu. Akitumia mililita nne za miligramu 3 kwa siku, ushuru wake ni shilingi 400. Jirani yake anayenyonya mililita moja ya miligramu 50 hulipa 100. Na anayemaliza pakiti ya sigara 20 hulipa 82. Kwa hesabu hiyo, anayejitahidi kuacha ndiye anayebebeshwa mzigo mzito kuliko wote.

Matokeo mengine ni magendo. Chupa ya mililita 30 inadaiwa ushuru wa shilingi 3,000. Ukiuziwa kwa bei iliyo chini ya hapo, jiulize imepitia wapi na nani ameipima.

Baadhi ya nchi jirani zimechagua njia fupi. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka 2015, na Ethiopia ikafanya hivyo mwaka 2019. Dereva wa Isiolo anayevuka mpaka wa Moyale kwenda Ethiopia na vepu mfukoni anaingia na bidhaa iliyokatazwa. Marufuku inawakinga vijana kwenye karatasi, lakini inaiacha sigara ya kawaida, iliyo mbaya zaidi, ikiuzwa kihalali kandokando ya barabara ile ile. Umoja wa Ulaya ulichukua njia ya kati: juisi isizidi miligramu 20 kwa mililita, na chupa isizidi mililita 10. Hapa Kenya, Seneta Catherine Mumma aliwasilisha katika Seneti mwaka 2024 mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku ili bidhaa hizi mpya zipate masharti yake. Mswada kama huo ungefaa utenganishe ya kutupa na ya kujaza, badala ya kuziita zote jina moja na kuzihukumu pamoja.

Uamuzi

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Wakenya wazima milioni 2.5, asilimia 11.6, walitumia tumbaku kwa namna moja au nyingine. Hao ndio wenye haki ya kusikia ukweli kuhusu njia ya kutokea. Kijana wa sekondari ambaye hajawahi kuvuta hayumo kwenye hesabu hii. Ubongo wake bado unakua, na vepu ya embe kwake ni mlango wa kuingilia. Muuzaji anayemuuzia anamtia hasara ya maisha.

Kwa mvutaji mwenzangu, shauri langu ni hili. Ukiweza kuacha bila vepu, acha. Chingamu na plasta za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na ndizo za kuulizia kwanza kwenye duka la dawa. Ukishindwa, chukua ya kujaza, anza na kiwango kinachoikata arosto, na siku hiyo hiyo acha kununua sigara, kwa sababu anayechanganya vyote viwili hapati faida ya maana. Punguza kikao cha miraa katika wiki za mwanzo, maana huko ndiko mkono huomba sigara bila kuulizwa. Wanaofunga wanajua kwamba mwili hustahimili: mchana mzima wa Ramadhani hupita bila moshi. Yafaa kuanzia mwezi huo, kabla futari haijawa mwaliko wa kuwasha.

Namba ya simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, ni 1192, na hupigwa bila malipo. Ipige. Na serikali ya kaunti ihakikishe kwamba anayefika Hospitali ya Rufaa ya Isiolo akisema anataka kuacha sigara anapata mshauri na dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu sigara moja moja humsubiri nje kila kona.