Kabla Hujalipa Karo ya 'Montessori', Angalia Nani Anafunga Vifungo

Kama umewahi kushuka matatu pale Mweiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unajua baridi ya Aberdare haina huruma. Sasa vuta picha saa hiyo: mtoto wa miaka minne ameketi mlangoni, vidole vimekufa ganzi, anang'ang'ana na vifungo vya sweta ya shule. Nje, boda anapiga honi mara ya tatu. Wewe ungefanya nini?

Mimi nilifanya ambacho pengine hata wewe ungefanya. Nilimwondoa mikono, nikamfunga fasta, nikambeba juujuu hadi kwa boda. Alilia njia nzima. Nilidhani ni baridi. Jioni ndipo alipomwambia shosho wake: "Nilikuwa nimebakisha kimoja tu."

Huyo ni mpwa wangu, yuko PP1. Mamake, dada yangu mkubwa, yuko Nairobi anatafuta. Mimi nimerudi nyumbani tangu niachane na chuo mwaka wa pili. Naandika blogu na kusaidia shambani. Wiki hiyo dada alikuwa amepiga simu. Kuna shule upande wa Nyeri mjini yenye bango la "Montessori", karo yake karibu mara mbili ya tunayolipa, na anataka mtoto ahamie huko Januari. "Nenda ukaiangalie, wewe si una muda?"

Muda ninao, kweli. Nikaanza kwa kusoma.

Ilianzia kwa watoto wa ploti

Montessori ni jina la mtu. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka wa 1870, akafuzu udaktari 1896, enzi ambazo madaktari wanawake nchini mwake walihesabika kwa vidole. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, mtaa wa San Lorenzo jijini Roma. Usidhani ulikuwa mtaa wa mabwanyenye. Wazazi walitoka kwenda vibarua, watoto wakabaki wakirandaranda na kuharibu kuta, na wenye majengo wakatafuta mtu wa kuwaweka mahali pamoja.

Daktari huyo aliwapa meza na viti vya kimo chao, akakaa akawatazama. Aliona kwamba mtoto akipata kazi inayomfaa, huirudia tena na tena bila kuchapwa wala kuahidiwa peremende. Mpaka leo ndivyo madarasa hayo yanavyoendeshwa. Mtoto anachagua kazi kwenye rafu, anaifanya bila kukatizwa, kisha anairudisha mahali pake. Kumimina maji, kufagia na kufunga vifungo ni masomo sawa na kuhesabu. Wa miaka 3 hadi 6 wanakaa pamoja, wa 6 hadi 9 pamoja, mdogo anajifunza kwa mkubwa.

Vifaa vyenyewe vinaonyesha kosa. Kuna mnara wa waridi wenye vipande 10, kidogo zaidi kina sentimita 1 kila upande na kikubwa zaidi sentimita 10. Ukikosea kupanga, macho yako yanakuambia kabla ya mwalimu.

Lakini si fujo. Mtoto haruhusiwi kumsumbua mwenzake wala kurusha vitu. Uhuru wake una mipaka, na ndani ya mipaka hiyo kazi ni yake.

Na usiseme ni mambo ya wazungu wa mbali. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri mjini 1941, alimsifu Montessori katika mwongozo wake wa viongozi wa skauti. Ukishika barabara hii yetu ya Nyahururu ukaendelea hadi Nakuru, kuna mradi wa Corner of Hope, ulioanzishwa kwa ajili ya watu waliofurushwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Walimu walifundishwa kutoka miongoni mwao, na madarasa ya Montessori yakaanzishwa kwa watoto wao. Hao hawakuwa na pesa za bango.

Kwa nini inanigusa

Nikupe ukweli wangu. Shuleni nilikuwa mtoto mzuri. Kengele ikilia nasimama, nikiambiwa niandike naandika, nikiambiwa nikariri nakariri. Alama zilikuwa juu. Kozi ya chuo sikuichagua, nilichaguliwa. Nilipofika huko nikakuta hakuna kengele. Hakuna aliyejali kama nimeamka. Miaka miwili nikasubiri mtu aniambie la kufanya, na hakuja. Silaumu shule yangu kwa kila kitu. Uvivu wangu pia ulikuwepo. Ila najua nilifika miaka 20 bila kujua kumaliza jambo ambalo hakuna mtu amenituma.

Ndiyo maana lile neno "kimoja tu" lilinikosesha usingizi.

Nilichokiona

Niliitembelea ile shule ya bango. Vifaa vipo, vinang'aa, ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli. Watoto walikuwa kwenye mistari wakiimba alfabeti. Hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo nataka ulishike: jina Montessori halina mwenyewe. Yeyote anaweza kuliandika getini.

Siku mbili baadaye nikaingia darasa la chekechea ya umma. Hakuna mnara wa waridi. Lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa akigawia wenzake uji kwa jagi, akamwaga kidogo, akaenda mwenyewe kuchukua kitambaa. Mwalimu alimwona na hakuinuka. Shida ni kwamba watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja, na hilo wazazi tunafaa kulipigia kelele kaunti, kwa sababu tangu Katiba ya 2010 chekechea za umma ziko mikononi mwake.

Kwa hivyo kabla hujalipa, omba kuketi darasani asubuhi moja. Angalia kama mtoto anafikia rafu bila kuomba. Angalia kama anaachwa amalize kazi au anakatizwa kila dakika kumi. Akimwaga maji, nani anapangusa? Muulize mwalimu alisomea wapi njia hii. Na usiulize kwanza kama watoto wa PP1 wanasoma Kiingereza, maana shule nyingi zinafungia vifaa kabatini kwa sababu ya swali letu hilo.

Nilimweleza dada yote. Alinyamaza, kisha akasema tungoje, pesa hiyo ikae. Bado hajaamua, na sitamwamulia.

Sisi huku tumebadilisha kitu kimoja. Mtoto anaamshwa dakika 20 mapema, na boda ameambiwa asipige honi. Jumatatu alifunga vifungo vyote vitano peke yake. Vilikuwa vimepishana tundu moja, kola imeenda upande. Vidole vyangu viliwasha, lakini nikaiweka mikono mfukoni. Alifika mlangoni, akajitazama kifuani, akarudi kuketi. Akaanza kufungua.