Kidole Chako Kinajua Nini?

Rafiki, chukua kalamu yako ya biki. Funga macho, halafu mwombe jirani yako wa dawati akuwekee mbele kitu chochote: jiwe, gunia, jalada la daftari. Pitisha ncha ya kalamu juu yake. Umekitambua, siyo? Na kumbe kidole chako hakijakigusa! Kimegusa plastiki ya kalamu tu.

Kilichokufikia ni mtikisiko. Vinundu na vishimo vya jiwe vinaitikisa kalamu, nayo kalamu inakitikisa kidole. Ndani ya ngozi iko mishipa ya fahamu inayosikia mitikisiko hata ikiwa mamia kwa sekunde moja. Sasa simamisha kalamu. Hujui kitu tena! Ndiyo maana mama akinunua kitenge hakibonyezi tu, anakipapasa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliutumia ujanja huohuo. Walitengeneza kifaa cha kushika mkononi mfano wa kalamu, chenye vipimo ndani yake. Mwaka 2014 walitoa kumbukumbu za vitu 100, vikiwemo karatasi, vitambaa na mbao. Kifaa kilipima mambo matatu kwa pamoja: mtikisiko, kasi ya mkono, na nguvu ya kukandamiza. Kwa nini yote matatu? Nenda kwenye mawe makubwa ya hapa Singida mjini ujaribu. Kalamu ileile, jiwe lilelile, lakini ukienda pole au mbio unasikia tofauti kabisa. Kwa kumbukumbu hizo, kalamu maalumu inaweza kutikiswa juu ya kioo laini hadi mkono udhani unakwaruza kitambaa.

Lakini usikidharau kidole. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliona kwamba kidole kinatambua mikunjo yenye kimo cha sehemu 13 tu katika milioni moja ya milimeta. Mikunjo hiyo kwa macho huioni ng'o.

Kidole nacho hupimwa. Mganga ana nyuzi za nailoni zilizofungwa kwenye vishikio. Anakugusa na uzi mpaka upinde, nawe umefumba macho unasema ni wapi. Uzi mwembamba kabisa hupinda kwa nguvu ya gramu 0.05 na ule mnene gramu 300. Usiposikia ule mwembamba anajaribu mnene zaidi, hivyo anajua ganzi yako imefika wapi.

Ganzi inaweza kuletwa na kisukari, na pia na ukoma. Mwenzenu wa bweni akishika sufuria ya moto bila kushtuka mnamsifu, eti jasiri. Jasiri gani? Huenda mishipa yake inakufa. Ukoma si laana wala si wa kurithi. Dawa zake hutolewa bure, na dozi ni miezi 6 au 12. Ila mishipa ikishakufa dawa haiirudishi, na hapo ndipo wengi wanapochelewa kwa kuficha baka chini ya shati.

Una baka lililofifia rangi? Sokota pamba iwe na ncha, fumba macho, mtu akuguse pale na kando yake. Sindano usitumie! Kama kando unasikia na pale husikii, nenda zahanati wiki hiihii, umweleze mganga ulivyojipima.